Kianzio cha nyumba ya kwanza Dodoma: jinsi ya kuomba ukiwa na mshahara wa kawaida

Usitegemee kukuta dirisha linalogawa bure kianzio cha nyumba, yaani sehemu ya bei unayotoa mwenyewe mwanzoni. Kilichopo ni njia chache za kukipunguza, kukilipa polepole au kukikwepa, na kila njia ina masharti yake. Chagua njia kabla ya kuchagua nyumba. Wengi hufanya kinyume: wanaipenda nyumba Iyumbu au Nzuguni, wanampa mwenye nyumba kishika nafasi, halafu ndipo wanakwenda benki kuuliza kama wanakopesheka. Kishika nafasi hicho mara nyingi hakirudi.

Anza na salari slipu

Kwa mtumishi wa umma, baada ya makato yote lazima ibaki angalau theluthi moja ya mshahara wa msingi. Benki nyingi huangalia waajiriwa wa sekta binafsi kwa jicho hilohilo. Chukua mfano wa mshahara wa msingi wa 1,400,000. Makato yote hayatakiwi kuzidi takribani 933,000. Toa mchango wa PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, asilimia 5 (70,000), kodi ya mshahara (227,000), bima ya afya asilimia 3 (42,000). Kama bado unarejesha mkopo wa elimu ya juu, HESLB, yaani Bodi ya Mikopo, inachukua asilimia 15, yaani 210,000. Nafasi inayobaki ni kama 384,000 kwa mwezi. Kwa riba ya asilimia 16 na miaka 15, rejesho hilo linabeba mkopo wa takribani milioni 26. Deni la HESLB likiisha, mshahara uleule unabeba milioni 40.

Kwa hiyo mwenye deni dogo la HESLB lililobaki afikirie kulimaliza kwanza kabla ya kukimbilia kianzio. Mkopo wa SACCOS nao unakula nafasi hiyohiyo. Kukopa SACCOS ili upate kianzio cha benki ni kosa tunaloliona sana: kianzio kinapatikana, nafasi ya makato inapotea, na ombi linakataliwa.

Njia zilizopo

Mkopo wa nyumba wa benki ndio njia ya kawaida. Kianzio huwa asilimia 10 hadi 20 ya thamani ya nyumba. Tangu kampuni ya TMRC ianzishwe mwaka 2010 kuzipa benki fedha za muda mrefu, mikopo ya miaka 15 na zaidi imekuwa jambo la kawaida.

Mpangaji mnunuzi hufaa asiye na akiba ya mkupuo. Shirika la Nyumba la Taifa (NHC), lenye miradi Iyumbu na Chamwino, na Watumishi Housing, yenye nyumba Njedengwa, wamekuwa wakiuza kwa utaratibu huu. Unaingia kwa kiasi kidogo, unalipa kila mwezi, na umiliki unahamia kwako ukimaliza. Kabla ya kusaini, pata majibu ya maandishi kwa maswali matatu: ukihamishiwa Kigoma katikati ya mkataba, uliyolipa yanakwenda wapi? Nani anatengeneza paa likivuja? Bei imeshajumuisha VAT ya asilimia 18 au itaongezwa baadaye?

Watumishi wa Serikali wana pia mfuko wa mikopo ya nyumba ulio chini ya Wizara ya Ardhi. Riba yake iko chini sana ya benki, lakini fedha ni chache kuliko waombaji. Ombi hupitia kwa mwajiri, kwa hiyo ongea na afisa utumishi wako mapema.

Sheria ya hifadhi ya jamii inamruhusu mwanachama kutumia sehemu ya mafao yake kama dhamana ya mkopo wa nyumba. Pesa haitoki kwenye mfuko kuja mkononi mwako. Ni dhamana tu, inayoweza kuilegeza benki kwenye kianzio. Uliza NSSF au PSSSF, kisha uulize benki kama inaipokea.

Asiye na salari slipu, mwenye duka Sabasaba au fundi wa Chang'ombe, aangalie mkopo mdogo wa nyumba: unajenga kwa hatua, msingi, boma, kisha bati, na kila hatua ina mkopo wake wa muda mfupi. Riba ni kubwa kuliko ya mkopo wa nyumba wa kawaida, ila hauna kianzio kikubwa cha mkupuo.

Kianzio zaidi au miaka zaidi?

Nyumba ya milioni 60, riba asilimia 16. Ukitoa asilimia 10 na kukopa milioni 54 kwa miaka 15, rejesho ni kama 793,000. Ukirefusha hadi miaka 20, linashuka hadi 751,000 tu, na jumla unayolipa inaongezeka kwa zaidi ya milioni 37. Ukibaki na miaka 15 lakini ukatoa kianzio cha asilimia 20, rejesho linashuka hadi 705,000. Kama unaweza kusubiri, subiri ukusanye kianzio. Afisa mikopo atakushawishi urefushe muda kwa sababu ombi hupita haraka zaidi.

Karatasi za kwenda nazo

Kitambulisho cha NIDA, TIN, salari slipu za miezi mitatu, barua ya mwajiri, taarifa ya akaunti ya miezi sita, na mkataba wa ajira kama si wa kudumu. Kianzio kionekane kimekaa kwenye akaunti; milioni sita zilizoingia jana zitaulizwa zimetoka wapi. Benki itavuta pia taarifa zako za mikopo, hivyo lipa yale madeni madogo ya simu uliyoyasahau.

Majina ndiyo yanayochelewesha zaidi. NIDA inasema Mariamu, benki inasema Mariam, cheti cha ndoa kina jina la baba. Pata kiapo cha majina kwa wakili kabla hujaombwa. Aliyeoa au kuolewa aende na mwenzake, kwa sababu nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi. Asiye na ndoa huapa hivyo.

Nyumba yenyewe

Fanya upekuzi katika ofisi ya ardhi ya mkoa kabla ya kutoa senti. Utajua mmiliki ni nani, kama kuna rehani au zuio, na kama kodi ya pango la ardhi inadaiwa. Dodoma ina jambo lake: CDA, mamlaka iliyokuwa ikisimamia ardhi ya mji huu, ilitoa mikataba ya ardhi ya miaka 33, na baada ya kuvunjwa mwaka 2017 wamiliki walielekezwa kubadilisha kwenda hati za miaka 99. Muuzaji mwenye karatasi ya CDA tu akamilishe ubadilishaji huo kwanza. Mkataba wa mauziano wenye muhuri wa serikali ya mtaa, hata uwe na mashahidi kumi, si hati, na benki haitaupokea kwa mkopo wa nyumba.

Kisha mthamini aliyesajiliwa na kukubaliwa na benki ataikagua. Hapa kianzio hupanda ghafla. Muuzaji anataka milioni 60, mthamini anasema 54. Benki inatoa asilimia 90 ya 54, yaani milioni 48.6, na wewe unatakiwa kutoa milioni 11.4 badala ya 6. Ripoti hiyo itumie kupunguza bei.

Mbali na kianzio, weka pembeni ushuru wa stempu (takribani asilimia 1), ada za mthamini, wakili, usajili, na bima ya nyumba na ya maisha. Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji. Iandikwe hivyo kwenye mkataba, maana wengine huisukuma kwa mnunuzi.

Uhamisho

Wakili huandaa Fomu za Ardhi namba 29, 30 na 35, kodi inalipwa TRA kwa namba ya malipo, na uhamisho na rehani husajiliwa pamoja. Benki humlipa muuzaji baada ya hapo, si kabla. Mweleze hivyo tangu siku ya kwanza, na tarehe ya kukabidhiwa funguo iandikwe kwa kuhesabu siku tangu malipo ya benki, kwa sababu usajili ukikwama wiki mbili ofisini, muuzaji asiyejua ataanza kutafuta mnunuzi mwingine.