TV ya kustrimia na gemu: usikimbilie 4K kama bajeti inabana
Wadau wa Mtwara na Lindi, najua hela ya korosho ikiingia wengi mnawaza TV mpya, ila kabla hujaongeza laki kadhaa kisa 4K (picha kali kuliko Full HD) angalia kwanza intaneti yako. Netflix wenyewe wanataka spidi ya Mbps 15 kwa 4K na saa moja inaweza kula mpaka GB 7, wakati 1080p, yaani Full HD, inaridhika na Mbps 5, sasa kama unatumia hotspoti ya simu bando litaisha kabla muvi haijaisha. Na kwa gemu, PS4 (PlayStation 4) ya kawaida mwisho wake 1080p, ni ile PS4 Pro ndo inafika 4K.

Kwa hiyo chukua Full HD, ila soma boksi vizuri jamani, inchi 32 nyingi ni 720p (chini ya Full HD), muuzaji atakwambia ni HD na hajadanganya ila siyo Full HD, tafuta palipoandikwa 1920 x 1080. Inchi 50 kwenda juu hapo sawa, 4K ina maana.

Halafu uliza kama ina gemu modi, inapunguza ule ucheleweshaji ukibonyeza pedi, mi naona hiyo ni muhimu kuliko hata 4K.