Jinsi ya kupima kama sola yako ni nishati jadidifu kweli

Ubishi huu hauishi, huyu anasema jua lipo milele kwahiyo sola ni jadidifu, yaani nishati isiyoisha, yule anasema paneli zinatokana na machimbo kwahiyo tunadanganywa. Jua haliishi kweli, ila vifaa vinaisha, kwahiyo cha kupima ni vitadumu miaka mingapi.

Anza na deni, yaani nishati iliyotumika kuitengeneza paneli. Silikoni, ile sehemu ya paneli inayogeuza mwanga kuwa umeme, inatoka kwenye mawe ya kwatzi, yanachomwa pamoja na makaa kwenye tanuru la karibu nyuzi 2,000, umeme unaoliwa hapo ni mwingi mno na kaboni inatoka. Deni hilo paneli inalilipa yenyewe kwa umeme inaozalisha, kwa kawaida mwaka 1 hadi 2 hivi kutegemea jua la pale ilipofungwa. Sasa chukua miaka utakayoitumia, gawanya kwa deni, tuseme mwaka 1 na nusu. Ikikaa miaka 25 imerudisha karibu mara 17, ukiitupa baada ya miaka 5 ni mara 3 tu, na paneli ni ile ile!

Kwahiyo usibadilishe paneli eti kwa sababu zimetoka mpya. Kwa mwaka inapungua nguvu kama nusu asilimia tu, ya miaka 20 bado inapiga kazi vizuri. Ifute vumbi, ikague waya, basi.

Betri ndo inaua hesabu. Ya risasi na asidi, ile kama ya gari, usiitumie mpaka chaji ikashuka chini ya nusu, iongeze maji ya betri, iweke mbali na joto, la sivyo miaka michache tu imekufa. Ya lithiamu ya fosfeti ya chuma inachajiwa maelfu ya mara, bei inauma mwanzoni ila mimi ningejibana niinunue. Na betri ya risasi ikifa tafadhali usiipasue nyumbani wala usimwage asidi, risasi inaharibu ubongo wa watoto na haitibiki, ipeleke kwa wenye kibali cha kuiyeyusha kwa sababu risasi hiyo hiyo inatengeneza betri nyingine tena na tena.

Paneli yenyewe robo tatu ya uzito ni kioo, afu kuna fremu ya alumini, hivyo kuvirejeleza ni rahisi. Ngumu ni madini ya fedha na silikoni, vimegandishwa katikati ya plastiki. Ulaya tangu 2012 sheria inawabana watengenezaji wazichukue paneli zikifa, kwingine inabidi umbane muuzaji wewe, kabla hujalipa: ikifa nairudisha wapi?