Somo: Kurudisha kichaka cha isanje kwenye shamba lako (Gede, Kakuyuni, Jilore na jirani zake)

Isanje ni yule mnyama wa pua ndefu, miguu myembamba na matako ya rangi ya dhahabu, ambaye ukimshtua hupiga mkia kwenye majani makavu kisha akatoweka. Uzito wake ni kama nusu kilo. Wengi humwita panya, lakini kwa nasaba yuko karibu zaidi na tembo kuliko panya. Mahindi na mihogo yako hagusi: chakula chake ni mbawakawa, buibui, tandu, mchwa na minyoo anaowachokoa kwa pua chini ya majani. Haishi kokote duniani ila pwani yetu hii, na ngome yake kubwa ni msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 420. IUCN, shirika la dunia la uhifadhi wa mazingira, imemworodhesha miongoni mwa wanyama walio hatarini kutoweka.

Msitu wa serikali una askari wake. Vichaka vilivyo kwenye ardhi zetu, baina ya msitu na magofu ya Gede, havina mlinzi ila mwenye shamba, na ndivyo vinavyofyekwa kila mwaka. Somo hili ni la anayetaka kwa hiari yake.

Hatua ya 1: Chagua mahali

Jozi moja ya isanje, dume na jike, hutawala eneo la hekta 1.7 hivi, yaani ekari nne na kitu. Wachache wetu wana ekari nne za kuacha, kwa hiyo zungumza na jirani kwanza: vipande vya mashamba matatu vikigusana vinatosha jozi moja. Anza na upande unaopakana na msitu au kichaka kilichopo. Isanje hapendi kuvuka uwanja mtupu, na kipande kizuri kilichozungukwa na mahindi pande zote kinaweza kukaa miaka bila mgeni. Ardhi ya matumbawe isiyolimika vizuri inafaa kabisa, na hata hasara ya mavuno ni ndogo.

Weka vigingi vya mpaka, vipake rangi, na uwaonyeshe vibarua wote kabla ya msimu wa kufyeka. Vichaka vingi hupotea kwa kibarua ambaye hakuambiwa.

Hatua ya 2: Majani yabaki chini

Hapa ndipo penye uzito wote. Isanje halali shimoni wala mtini. Alfajiri, majani yakiwa yangali na umande na hayapigi kelele, huchimba kishimo kifupi, hukitandika, kisha hurundika majani juu mpaka lundo linafika upana wa karibu mita moja. Baada ya muda mfupi lundo hunywea, na mtu akipita haoni tofauti na sakafu ya msitu. Ana viota kadhaa na huhama kutoka kimoja hadi kingine ili adui asimjue. Huzaa mtoto mmoja tu kwa kila mimba, na mtoto hukaa kiotani kama wiki tatu. Ukifagia au ukichoma, umeondoa chakula, kitanda na mtoto kwa mara moja.

Kipimo cha mkono: ingiza kidole cha shahada kwenye majani. Kikigusa udongo kabla ya kuzama nusu, majani hayatoshi. Yale unayofagia uani chini ya mwembe na mkorosho usiyatie kiberiti. Yabebe kwa gunia uyamwage kichakani, yatandazwe unene wa sentimita tano hadi kumi, bila kuyashindilia. Usiende kuzoa majani ya msituni, maana utakuwa unampora isanje wa huko.

Magogo yaliyoanguka na matawi makavu nayo yaachwe. Ndani yake mna mchwa na mbawakawa.

Hatua ya 3: Ziba mianya

Subiri msimu mmoja wa mvua kabla ya kupanda chochote. Visiki vingi vya miti ya pwani huchipua vyenyewe, navyo vina mizizi tayari. Hakuna mche utakaovishinda. Visiki hivyo usipunguze machipukizi, kwa sababu tunataka kichaka kilichofunga, hatutafuti nguzo.

Pakibaki wazi, panda miti ya kwetu: mbambakofi, mkwaju, mrihi kwenye mchanga mweupe, na yoyote unayoiona ikiota kichaka cha jirani. Nafasi iwe mita 1.5 kati ya mche na mche, yaani kama miche 44 kwa kila mita 10 kwa 10. Shimo sentimita 45 kila upande. Kwenye matumbawe tafuta mifuko ya udongo na usilazimishe mstari ulionyooka. Panda masika yakishika, udongo ukiwa umelowa vizuri. Miche mingi hufa kwa sababu ilipandwa kwenye mvua ya kwanza, kisha jua likarudi wiki mbili.

Mbuzi wakiingia, kazi yote ni bure. Ua wa matawi ya miiba unatosha kwa miaka miwili ya kwanza.

Hatua ya 4: Magugu, polepole

Lantana na mwarobaini, ambao wengi wetu tunauita mkilifi, huvamia. Lakini usiiondoe lantana yote kwa siku moja, kwani ikiwa ndiyo kivuli pekee, isanje atabaki uchi mbele ya tai. Ondoa ukanda wa mita mbili tatu, panda, subiri pafunge, kisha endelea. Miche ya mwarobaini ing'oe na mzizi wakati wa mvua. Mkubwa ukiukata tu utachipua. Uchune ganda kuzunguka shina, na uvunje machipukizi kila yakitoka.

Hatua ya 5: Moto, mbwa, matanzi

Kabla ya kaskazi kukausha kila kitu, safisha kinga ya moto ya mita tatu hadi nne, nje ya vigingi. Mbwa wafungwe asubuhi, kwa kuwa isanje hutembea mchana. Pitia mpaka kila wiki ukitafuta matanzi. Yanategewa paa na wanyama wengine wa kitoweo, lakini waya hauchagui.

Fito na kuni zitoke kwingine: mivinje ya mita 2 kwa 2 kwenye kona ya shamba huanza kutoa fito baada ya miaka michache.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, shikamoo. Nina ekari moja tu hapa Mijomboni. Nijisumbue?

Marahaba. Ikigusana na kichaka kingine, ndiyo, inaongeza eneo la jozi iliyopo au inakuwa njia ya kupitia. Ikiwa peke yake katikati ya mashamba, anza kwa kuzungumza na majirani. Ukipanda miti kabla yao utachoka bure.

Kichaka karibu na nyumba si kualika nyoka?

Nyoka watakuwemo, dada. Acha angalau mita 30 kati ya nyumba na vigingi, na sehemu hiyo ifagiwe kama kawaida. Watoto wasitumwe kuokota kuni humo.

Naweza kumnasa mmoja msituni nikamleta kwangu?

Hapana. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inakataza bila kibali, na isanje mgeni atafukuzwa na jozi yenye eneo lake, au atakufa kwa hofu. Tengeneza mahali, atakuja mwenyewe.

Kwa hiari tu? Kuna mahali pamefaulu?

Pako, kaka. Marekani kuna sungura wa porini wa New England aliyewekwa mwaka 2006 kwenye foleni ya wanyama wa kulindwa kwa sheria. Wenye mashamba, miji na majimbo wakarudisha vichaka kwa makubaliano ya hiari, na mwaka 2015 serikali ikaamua kwamba sheria hiyo haihitajiki kwake. Ila usiige kila walichofanya. Wao walilazimika kukata miti iliyozeeka ili kichaka kichanga kiote, kwa kuwa sungura huyo anataka machipukizi yaliyosongamana. Isanje anataka kivuli na majani yanayoanguka, kwa hiyo kwetu panga libaki nyumbani.

Nitajuaje kwamba amefika?

Kaa kimya ukingoni saa kumi na mbili asubuhi. Tafuta vishimo vidogo vya pua kwenye majani, na usikilize mkia. Ukiona lundo la majani lenye upana wa mita moja, usilikanyage wala usilifunue. Weka alama mbali nalo na urudi kwa njia uliyojia.

Faida ya pesa je?

Isanje mwenyewe hakulipi. Kichaka kinaweza: mizinga ya nyuki ukingoni, au pupa za vipepeo (viwavi waliokwisha kujifunga ganda) za kuuza kwa mradi wa Kipepeo hapo Gede, unaonunua kutoka kwa wafugaji wa vijijini tangu 1993. Nenda uwaulize aina wanazotaka sasa kabla ya kupanda mimea ya chakula cha viwavi, kwa sababu kila aina ina mmea wake.