Rapa Nui hatua kwa hatua: panga siku zako tano hivi

Wengi wanakijua kwa jina la Kisiwa cha Pasaka, kwa sababu Mholanzi Jacob Roggeveen alikifikia siku ya Pasaka mwaka 1722. Wenyewe wanakiita Rapa Nui. Ni kisiwa kidogo, kilomita za mraba 163 tu, na kutoka pwani ya Chile unavuka zaidi ya kilomita 3,500 za bahari. Nimekwenda mara mbili. Safari ya kwanza nilikimbilia Rano Raraku, mlima walikochongwa moai, yale masanamu makubwa ya mawe ya kisiwa, siku ileile niliyoshuka kwenye ndege, nikapita katikati yao bila kuelewa nilichokiona. Kwa hiyo shika sana mpangilio wa siku, mengine yanarekebishika.

1. Makaratasi

Kisiwa kiko chini ya Chile, hivyo viza ni ya Chile. Kabla ya kupanda ndege Santiago (safari ya saa tano hivi) jaza fomu ya kuingia kisiwani mtandaoni, uwe na tiketi ya kurudi na malazi yaliyosajiliwa. Tangu 2018 mgeni haruhusiwi kuzidisha siku 30.

2. Tiketi ya hifadhi na mwongozaji

Tiketi inatumika siku 10, lakini Rano Raraku na kijiji cha kale cha Orongo unaingia mara moja tu. Isome sentensi hiyo tena. Sehemu nyingi huingii bila mwongozaji mwenye kibali au mwenyeji wa kisiwani, na hifadhi yenyewe inaendeshwa na jumuiya ya wenyeji, Ma'u Henua. Wapo wageni wanaolalamikia gharama hiyo. Mimi nailipa kwa moyo mweupe. Mwaka 1862 wavamizi walianza kuwateka watu wa hapa na kuwapeleka utumwani Peru. Wachache waliorudishwa walirudi na ndui, na kufikia 1877 kisiwani walihesabiwa watu 111. Anayekuongoza ni mzao wa hao.

3. Siku ya kwanza: Tahai, kwa miguu

Weka mizigo Hanga Roa, mji pekee wa kisiwa, kisha jioni tembea hadi Tahai. Hapo utaona moai mmoja aliyerudishiwa macho. Simama mbele yake. Kwa wenyeji, moai ni uso ulio hai wa babu wa ukoo, na macho ndiyo yaliyompa nguvu, mana, ya kuwaangalia watu wake. Ndiyo maana karibu wote wameipa bahari mgongo. Jicho halisi la matumbawe meupe lilichimbuliwa kwenye ufukwe wa Anakena mwaka 1978, na makumbusho yako karibu na hapo Tahai.

Jukwaa la mawe wanalosimama juu yake linaitwa ahu, na mengi yalizikiwa watu. Usilikanyage hata kidogo, kama usivyokanyaga kaburi la kwenu.

4. Siku ya pili: Puna Pau na Ahu Akivi

Nusu siku inatosha. Puna Pau ndiko yalikochongwa yale mawe mekundu wanayovikwa baadhi ya moai kichwani. Akivi wapo moai saba, na hawa wanaelekea upande wa bahari.

5. Siku ya tatu: Rano Raraku

Sasa uko tayari. Fika asubuhi, na maji yako, kwa sababu kivuli hakuna. Hapa ndipo walipochongwa karibu moai wote, na takriban 400 bado wako hapa. Vile vichwa unavyoviona mlimani vina viwiliwili, udongo umevifukia. Mwombe mwongozaji akuonyeshe wale ambao hawajamalizika: mmoja amelala chali ndani ya mwamba, pua na midomo tayari, mgongo bado umeshikwa na ukanda mwembamba wa jiwe kama mkuku wa jahazi. Mkubwa kuliko wote angefika mita 21. Usiguse, moto wa Oktoba 2022 ulishawaumiza wengi.

Ukiwa mteremkoni, tazama chini ufukweni: Tongariki, moai 15 mstari mmoja. Tsunami ya 1960 iliwasukuma mbali na ufukwe, ndani ya kisiwa, wakasimamishwa tena miaka ya 1990 kwa kreni iliyotoka Japani. Shuka kwao baada ya hapo.

6. Siku ya nne: Orongo

Kijiji cha nyumba za mawe, milango ya kuingia kwa kutambaa, nyuma yake kreta ya Rano Kau, mbele jabali linaloshuka baharini. Zamani vijana walishindana hapa: waliteremka jabali hilo, wakaogelea hadi kisiwa cha Motu Nui kuleta yai la kwanza la ndege manutara. Hapa pia ndipo Waingereza walipomchukua moai aitwaye Hoa Hakananai'a mwaka 1868. Yuko London, na Warapanui wanamdai.

7. Siku ya tano: Anakena

Mchanga mweupe, minazi iliyotoka Tahiti, maji ya kuogelea. Kaa na watu. Sema *iorana* ukisalimu, *maururu* ukishukuru. Uliza pia wanavyohesabu: tano kwao ni *rima*, na jirani zetu wa Madagaska husema *dimy*, moto ni *ahi*, Madagaska *afo*. Ni lugha za ukoo mmoja. Nilipomweleza mama mmoja aliyekuwa akiuza samaki wa kuchoma, alinitaka nirudie yale maneno ya Kimalagasi mara tatu, akamwita mwanawe aje kuyasikia.