Mlo Kamili kwa Mbwa Mdogo: Mizani Kwanza, Sufuria Baadaye

Katika nyumba nyingi za Nairobi, Arusha na Dar es Salaam, mbwa mlinzi wa kilo 30 na yule mdogo wa kilo 4 anayeshinda sebuleni hupakuliwa kutoka sufuria moja: ugali, maji ya nyama, dagaa kidogo, na chochote kilichobaki mezani. Mlinzi huenda akavumilia. Mdogo havumilii. Kila kilo ya mwili wake hutumia nguvu nyingi zaidi: mbwa wa kilo 3 huhitaji kama kalori 85 kwa kila kilo kwa siku, wakati wa kilo 30 huhitaji chini ya 50. Tumbo lake nalo ni dogo, na ugali ukishalijaza, nyama haina pa kuingia. Ndiyo maana mbwa mdogo anaweza kuwa mnene huku mwili wake umekosa protini na madini.

Maelezo haya yanawahusu mbwa wa kilo 2 hadi 10: Maltese, Chihuahua, Japanese Spitz, Dachshund, Jack Russell, na chotara wadogo wa mtaani ambao hali yao ni ileile.

Anza na mizani

Mbebe mbwa, panda naye kwenye mizani ya kidijitali, soma, kisha panda peke yako na utoe. Mizani ya mshale achana nayo. Gramu 200 huwezi kuziona kwenye mshale, na kwa mbwa wa kilo 4 hizo ni asilimia 5 ya mwili mzima.

Sasa chukua kikokotoo cha simu. Kwa mbwa wa kilo 5: 5 × 5 × 5 ni 125. Bonyeza kipeuo cha pili (√) mara mbili; utapata 11.18, kisha 3.34. Zidisha kwa 70, unapata 234. Hizo ndizo kalori ambazo mwili wake unazitumia akiwa ametulia tu. Zidisha tena kwa 1.4 kama amehasiwa na anashinda ndani, kwa 1.6 kama amehasiwa lakini anatembezwa kila siku, au kwa 1.8 kama hajahasiwa. Huyu wa kilo 5 wa ndani anahitaji kama kalori 330 kwa siku.

Weka namba hiyo karibu na chapati. Chapati moja ya kawaida, ile ya kukaangwa kwa mafuta, inakaribia kalori 300. Mtoto akimpa mbwa nusu yake chini ya meza, karibu nusu ya chakula cha siku imeshaingia, bila protini ya maana wala kalsiamu, na jioni bakuli hujazwa vilevile. Vitafunwa vyote kwa jumla visizidi asilimia 10 ya kalori za siku. Kwa mbwa huyu hiyo ni kalori 33: nusu ya yai la kuchemsha, au vipande kadhaa vya karoti.

Hesabu hii ni ya kuanzia tu, kwa kuwa mbwa wawili wa uzito mmoja wanaweza kupishana sana. Anayeamua ni mwili wenyewe. Pitisha vidole ubavuni bila kubonyeza. Ukihisi mbavu kama unavyohisi mifupa ya mgongo wa kiganja chako, yuko sawa. Zikiwa kali kama vifundo vya ngumi, amekonda. Ukilazimika kuzitafuta chini ya nyama laini, amenenepa. Ukimtazama kutoka juu, kiuno kionekane nyuma ya mbavu. Spitz na Maltese hufichwa na manyoya, kwa hiyo kwao amini vidole kuliko macho. Mpime kila baada ya wiki mbili, na ukibadilisha kiasi cha chakula, punguza au ongeza asilimia 10 tu kwa wakati mmoja. Mnene apungue asilimia 1 hadi 2 ya uzito kwa wiki, si zaidi.

Chakula cha dukani: soma nyuma ya mfuko

Chakula kikavu cha punje kikiwa kizuri ndicho njia rahisi zaidi ya kumpa mbwa kila anachohitaji. Picha ya nyama iliyoko mbele ya mfuko haina maana yoyote. Geuza, tafuta sentensi inayotaja viwango vya AAFCO ya Marekani au FEDIAF ya Ulaya, vyombo vinavyoweka viwango vya chakula cha wanyama, na neno complete, yaani mlo kamili. Ukikuta complementary, hicho ni cha kuongezea juu ya mlo, hakitoshi peke yake. Kisha angalia ni cha umri gani. Kwa AAFCO, chakula cha mbwa mzima kinatakiwa kiwe na protini isiyopungua asilimia 18 baada ya kuondoa maji, na cha mtoto asilimia 22.5.

Tafuta pia idadi ya kalori kwa kilo. Kwa punje kavu mara nyingi ni kati ya 3,400 na 3,900. Ikiwa mfuko unasema 3,600, yule mbwa wetu wa kalori 330 anakula gramu 92 kwa siku, gramu 46 asubuhi na 46 jioni. Zipime kwa mizani ya jikoni, halafu weka alama kwenye kikombe kimoja utakachokitumia siku zote. Ukisema tu "kikombe kimoja", kila mtu nyumbani atakuwa na kikombe chake.

Madukani kuna pia chakula cha kupimiwa kwa kilo kutoka gunia lililo wazi. Ni nafuu, ila huna lebo, hujui gunia lilifunguliwa lini, na mafuta yaliyopakwa kwenye punje huchacha yanapokaa hewani, hasa kwenye joto la pwani. Punje zikinuka kama mafuta ya kukaangia yaliyorudiwa mara nyingi, ziache hapohapo. Mbwa mdogo hula kama kilo 3 kwa mwezi, kwa hiyo nunua mfuko mdogo uliofungwa, usimwage chakula kwenye ndoo, bali weka mfuko mzima ndani ya ndoo yenye mfuniko.

Ukipika mwenyewe

Hapa ndipo mambo huharibika bila mtu kujua. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichambua mapishi 200 ya chakula cha mbwa kutoka vitabuni na mtandaoni. Asilimia 95 yalikosa angalau kirutubisho kimoja muhimu. Kinachokosekana kwetu zaidi ni kalsiamu. Nyama ina fosforasi nyingi na kalsiamu kiduchu sana. Mbwa akilishwa nyama na wali miezi kadhaa, mwili huchota kalsiamu kwenye mifupa yake mwenyewe. Huanza kuchechemea, na mguu unaweza kuvunjika kwa kuruka tu kutoka kwenye kochi.

Kipimo cha siku moja kwa mbwa mzima wa kilo 5 anayeshinda ndani, vyote vikiwa vimeshaiva:

- nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta, gramu 90
- wali, gramu 70
- boga au karoti iliyopondwa, gramu 40
- ini, gramu 5
- mafuta ya alizeti, kijiko kimoja cha chai
- unga wa maganda ya mayai, robo ya kijiko cha chai, isiyojaa kilele

Zidisha kwa 7 upate mlo wa wiki. Nyama mbichi kama gramu 900 hubaki 630 ikichemka, na mchele mkavu gramu 170 unatoa wali wa kutosha. Saga au kata nyama vipande vidogo sana, la sivyo atachambua, ale nyama na kuacha boga. Chemsha bila chumvi, bila kitunguu, na bila vidonge vya mchuzi, maana vidonge hivyo vimejaa chumvi na mara nyingi vina kitunguu cha unga. Maji ya kuchemshia usiyamwage, yachanganye na wali. Mafuta na unga wa maganda vitie chakula kikishapoa. Chakula cha siku tatu kiweke kwenye friji, kinachobaki kigandishe.

Maganda osha mara tu baada ya kupasua yai, uondoe ule utando wa ndani, uyachemshe dakika 5, uyakaushe kwenye sufuria juu ya moto mdogo, kisha uyasage kwa mashine ya viungo hadi yawe laini kama unga wa ngano. Yakibaki na chembe za kukwaruza, nyingi zitapita tumboni na kutoka kama zilivyoingia.

Ini lisizidi hapo. Lina vitamini A nyingi, na ikizidi kwa muda mrefu huumiza mifupa na viungo. Hata kwa kipimo hiki, iodini, vitamini D na E hazitoshi, kwa hiyo anayepika kila siku amuombe daktari wa mifugo mchanganyiko wa vitamini na madini uliotengenezwa kwa ajili ya mlo wa kupikwa. Asiyeupata ni heri atumie punje kamili kama msingi na kupika kidogo juu yake.

Dagaa, mapafu na unga wa mahindi

Dagaa wakavu, au omena, ni chakula kizuri sana kwa mbwa mdogo kwa sababu huliwa na mifupa yao, kwa hiyo wanaleta protini na kalsiamu pamoja. Nunua wale wanaouzwa kwa ajili ya watu. Wanaouzwa kwa ajili ya mifugo mara nyingi wameanikwa mchangani na wana mchanga mwingi. Loweka nusu saa, mwaga maji, rudia mara mbili. Wa baharini waliotiwa chumvi waloweke usiku kucha. Gramu 10 za dagaa wakavu zikiingia kwenye kile kipimo cha juu, punguza unga wa maganda kwa nusu na nyama kwa gramu 15.

Mapafu na utumbo kutoka buchani ni rahisi kwa bei, lakini visiliwe vibichi kamwe. Mapafu na maini ya ng'ombe, mbuzi na kondoo huweza kuwa na vifuko vya maji vya tegu wa mbwa. Mbwa akivila, minyoo hukua tumboni mwake, na mayai yake hutoka na choo na kuambukiza watu. Turkana inajulikana kwa ugonjwa huo. Chemsha angalau nusu saa, na kipande chenye kifuko kitupwe chooni au kichomwe.

Kisha mahindi. Kuna desturi mbaya ya kuona mahindi yameota ukungu, kusema "haya ni ya mbwa", na kuyasaga. Ukungu huo hutoa sumukuvu, yaani aflatoksini, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo haraka. Mwaka 2004 sumu hiyohiyo iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui. Kupika hakuiondoi. Mbwa aliyeipata hukataa chakula, hutapika, fizi na weupe wa macho hugeuka manjano, na mkojo huwa mweusi. Akifika hapo ini limeshaumia vibaya. Unga usioweza kuula wewe, usimpe. Ugali wenyewe si sumu: ukitoka kwenye unga safi unaweza kuchukua nafasi ya wali, gramu kwa gramu takriban.

Visivyoguswa

Kitunguu maji na kitunguu saumu, vibichi au vilivyoiva, huvunja chembe nyekundu za damu. Kwa mbwa wa kilo 5, kitunguu kimoja cha ukubwa wa wastani kinatosha kumdhuru, na dalili huchelewa siku kadhaa, kwa hiyo watu hawaunganishi na pilau la Jumapili. Zabibu, mbichi na kavu, huweza kuua figo. Chokoleti na kahawa huvuruga moyo. Makadamia, ambazo siku hizi zimejaa Murang'a na Embu, hulegeza miguu ya nyuma. Bigijii na peremende zisizo na sukari mara nyingi zina xylitol, kitamu kinachowekwa badala ya sukari, namba E967, ambayo hushusha sukari ya damu ndani ya nusu saa. Donge la mandazi lenye hamira huendelea kuumuka tumboni na kutoa pombe. Mifupa ya kuku iliyoiva huchanika kama vijiti na kutoboa utumbo. Ngozi ya kuku na mafuta ya nyama choma havina sumu, ila kwa mbwa wadogo mlo mmoja wa mafuta mengi unaweza kuvimbisha kongosho: hutapika, hukunja mgongo kwa maumivu, na hukataa kuguswa tumbo. Hiyo ni safari ya kwa daktari siku hiyohiyo.

Watoto wadogo

Mtoto wa mbwa mdogo usimpikie kwa kubahatisha. Mpe punje za watoto zilizolowekwa kwa maji ya uvuguvugu. Hadi miezi 4 zidisha ile namba ya msingi, yaani kalori za akiwa ametulia, kwa 3, baadaye kwa 2. Gawa mara 4 kwa siku hadi afike miezi 4, kisha mara 3 hadi miezi 6. Akikosa chakula saa chache tu sukari yake inaweza kushuka: anayumba, analegea, anatetemeka. Mpake asali au glukosi kwenye fizi, mpashe joto, umkimbize kwa daktari. Maziwa ya ng'ombe hayamsaidii, humharisha.

Ukibadilisha chakula cha mbwa yeyote, chukua wiki nzima: robo mpya siku mbili, nusu siku mbili, robo tatu siku mbili, kisha chote. Choo kikilainika, rudi hatua moja nyuma na usubiri. Mbwa mdogo aliyezoea mezani atasusia bakuli, na hapa wenye nyumba ndio hushindwa. Weka chakula dakika 20, kiondoe, usimpe kitu kingine hadi mlo unaofuata. Mzima mwenye afya hadhuriki kwa kuruka mlo mmoja au miwili. Akipitisha siku nzima, au akiwa anatapika, huko si kususa tena.