Ipime betri ya sola kabla ya kumpa mtu
Hapa Goma betri ya zamani ya volti 12 haikosi mtu wa kuipokea, au wa kubadilishana nawe kwa mabati yaliyobaki. Ila kwanza ijaze chaji, ichomoe, iache ilale usiku mzima, ndipo upime kwa multimeta, kile kifaa cha kupimia volti. Ikisoma 12,6 au zaidi, iwashie taa ya wati 20 kwa saa moja kisha upime tena: iliyochoka huporomoka haraka, hata kama mwanzo ilisoma vizuri. Ikisoma kama 10,5, chumba kimoja kati ya sita vilivyo ndani ya betri kimekufa. Hiyo usimbebeshe jirani. Mpe mnunuzi wa vyuma chakavu, ikiwa imesimama wima, asidi ikiwa ndani. Wengine huimwaga asidi hiyo uani ili betri ipungue uzito. Mawe haya ya volkano yamejaa nyufa, hayazuii kitu: asidi hupenya chini ardhini.