Namna ya kuchukua damu ya kuotesha vimelea kabla ya kubadili antibiotiki

Mgonjwa aliyelazwa ambaye homa yake haishuki akiwa kwenye antibiotiki ya seftriaksoni mara nyingi huandikiwa dawa kali zaidi jioni hiyohiyo, ilhali hakuna anayejua ni kimelea gani kinachomsumbua. Klebsiella (aina ya bakteria) yenye vimeng'enya vinavyoivunja seftriaksoni haiondoki kwa kuongezewa dozi, na meropenemu (antibiotiki kali zaidi) anayopewa asiyeihitaji hujenga usugu utakaomfikia mgonjwa wa kitanda cha pili. Mwongozo huu unahusu watu wazima waliolazwa wodini.

Hatua ya 1. Damu itangulie dawa. Kama mgonjwa ameshaanza antibiotiki, chukua damu muda mfupi kabla ya dozi inayofuata. Hata hivyo, mwenye dalili za sepsisi (maambukizi yanayoanza kuharibu viungo vya mwili) ambaye shinikizo la damu limeshuka au fahamu zimevurugika apewe dawa ndani ya saa 1, na sampuli isimcheleweshe.

Hatua ya 2. Safisha ngozi, kwani hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Nawa mikono, tafuta mshipa, kisha sugua ngozi kwa klorheksidini ya asilimia 2 iliyo ndani ya alkoholi, au kwa spiriti ya asilimia 70 ikiwa hiyo haipo, na uache ikauke yenyewe kwa sekunde 30 au zaidi bila kupuliza wala kupepea. Wodi ikiwa imefurika sekunde hizo huonekana nyingi. Zitumie kufuta kwa spiriti vizibo vya mpira vya chupa, ambavyo si tasa (yaani bado vinaweza kuwa na vimelea) hata baada ya kubandua kifuniko cha plastiki. Usiupapase mshipa tena, kwa sababu glavu za kawaida za boksini nazo si tasa.

Hatua ya 3. Jaza kila chupa mililita 8 hadi 10, kwa kuchoma sehemu mbili tofauti za mwili, wala si kupitia kanula (mrija wa mshipani) iliyokwisha kukaa. Vimelea vilivyomo katika damu huwa vichache sana, hivyo damu kidogo huvikosa. Sehemu mbili nazo zina maana yake: stafilokoka wa ngozi (bakteria wanaoishi kwenye ngozi) akiota kwenye sampuli moja tu, kwa kawaida ametoka kwenye ngozi, na kumwanzishia mgonjwa antibiotiki ya vankomaisini kwa jibu hilo pekee ni kumdhuru bure.

Hatua ya 4. Andika kwenye chupa jina, saa na sehemu uliyochoma, na kwenye fomu utaje antibiotiki anazotumia. Zifike maabara ndani ya saa 2. Zikichelewa, zikae kwenye joto la kawaida la chumba, kamwe si kwenye jokofu.

Hatua ya 5. Fuata majibu mwenyewe. Baada ya saa 48 hadi 72, daktari aamue upya: dawa isimamishwe, ipunguzwe makali au ibadilishwe. Kimelea kikiwa sugu kwa meropenemu, mtenge mgonjwa, mpe kipimo chake cha shinikizo la damu kisichotumiwa na mwingine, na uandike jibu hilo kwenye barua yake ya rufaa ili wodi itakayompokea imwandalie nafasi kabla hajafika.